Tata Ngeleka Ashuka kwa Miguu Yake

Kwa miaka tisa Ngeleka Stanislas aliwaambia watu wa Dilala, mtaa wa Kolwezi, kwamba yeye hajastaafu. Pensheni alipokea, kadi ya wastaafu alikuwa nayo mfukoni, na kila asubuhi alionekana mbele ya nyumba yake ya zamani ya kampuni akinyunyizia mboga maji. Lakini ukimwita mstaafu, alikukatiza: "Mi bado niko kazini. Sijakabidhi mashini."

Na kwa sheria za madereva wenzake alikuwa na haki. Aliendesha benne, yale malori ya mgodini ambayo gurudumu lake moja linamzidi mtu urefu na dereva anapanda kwa ngazi kama anakwenda darini. Mwisho wa zamu, dereva anayetoka alishuka ngazi ile kwa miguu yake mwenyewe. Anayeingia alimngoja chini, akapiga tairi ngumi mbili, akauliza: "Mashini iko namna gani?" Anayetoka akajibu: "Iko muzima, na mi niko muzima." Hapo tu zamu iliisha. Kama maneno hayo hayakusemwa, hata ulale kwako wiki nzima, zamu bado ni yako.

Ngeleka hakuyasema siku ya mwisho. Alikuwa akipanda kutoka shimoni na tani tisini za mawe. (Akisimulia jioni zinafika mia moja na ishirini, na kukiwa na wageni huongezeka kidogo.) Katikati ya mlima mgongo wake ukakatika kama waya. Lori alilifikisha juu, akazima injini, akavuta breki, ila mwili ukakataa kuinuka kitini. Wanaume wanne walimshusha kwenye ubao, chali, macho yakitazama mbingu. Mmoja wao, aliyeshika mguu wa kushoto, alikuwa rafiki yake Kisimba, na Kisimba hakuwahi kumwacha asahau.

"Mi njo nilikushusha," Kisimba alisema kila walipokaa pamoja. "Ulikuwa muzito kuliko mawe yote ya mugodi ya Mutoshi. Mpaka leo bega yangu inalia."

Ngeleka alicheka, maana kucheka ni kazi yake. Lakini ndani, pale ubao ulipopita, pangali na kidonda.

Sasa, Jumatano moja, ikaja simu ya Mujinga. Mujinga ni binti yake wa kwanza, rubani; kwa jina hilo la Kiluba wazazi wake huitwa Tata, yaani baba, na Mama Mujinga. Miaka yote alikuwa akiketi kiti cha kulia, cha msaidizi. Jumamosi hiyo, alisema, angeketi kwa mara ya kwanza kiti cha kushoto, cha komanda, kutoka Kolwezi mpaka Kinshasa, na alitaka baba na mama yake wawe ndani ya ndege.

Kufikia saa sita mchana Dilala nzima ilijua. Kufikia jioni habari ilikuwa imepanda taxi-moto, pikipiki ya abiria, na kufika soko la Manika, nayo njiani ikanenepa: kwamba Ngeleka mwenyewe ndiye aliyemfundisha Mujinga kuendesha akiwa na miaka minne, mapajani mwake, ndani ya benne, na kwamba mtoto alirudisha lori kinyumenyume akipita katikati ya mapipa mawili bila kugusa hata moja.

"Tufurahi pamoja," Kisimba alisema alipokuja kumpongeza, kisha akamgusa mgongoni. "Lakini mukongo je? Ile ndege ni saa mbili na nusu ya kukaa. We hata misa unaisikilizaka umesimama."

Hilo lilikuwa kweli. Ngeleka alisimama misa nzima, kuanzia wimbo wa kuingia mpaka baraka, kwa sababu benchi la kanisa lilimchoma kiunoni. Padri alikuwa amekwisha kumsifu mbele ya waumini kwa heshima yake kubwa, na Ngeleka hakuona sababu ya kumsahihisha padri.

"Nitakaa," alisema.

"Utakaa, ndiyo. Na kuinuka? Kule Kinshasa batakushusha na kiti ya magurudumu, rafiki yangu. Mutoto wako na kofia yake ya komanda anakuangalia. Safari hii sitakuwa huko kushika muguu."

Ngeleka akaacha kucheka. "Kisimba, sikia. Nitashuka ile ndege na miguu yangu, na Mujinga ataona. Kama hapana, uniite mugonjwa mpaka siku utanizika."

Mkewe, Mama Ernestine, aliyasikia hayo akiwa jikoni. Yeye si mtu wa maneno mengi. Alipanda taxi-moto mpaka Manika kwa Mama Laurentine, yule mkandaji wa zahanati aliyewahi kumnyoosha Ngeleka, akarudi na maagizo kichwani: kiti cha kando ya njia, ili mtu asimame bila kuomba ruhusa, kitu laini kilichokunjwa nyuma ya kiuno, pale mgongo unapoingia ndani, miguu isining'inie, asikae nusu saa bila kuinuka, maji ya moto kwenye chupa. Na asijipinde kunyanyua mizigo.

"Kikwembe kimoja kinatosha," alisema, akikunja kitenge chake cha kijani mpaka kikawa mnene kama mkono. "Unaweka hapa."

Ngeleka akakitazama kitenge kama mtu aliyeletewa kijiko kuchimbia kisima. "Mama Mujinga, miaka makumi mbili na sita nimekalia mashini. Unanifundisha kukaa?"

Kwa maana alikuwa na dawa yake. Madereva wa benne walikalia mpira wa ndani wa tairi la gari dogo, umejazwa upepo na kufungwa kwa kitambaa. Barabara ya shimoni ilikuwa mawe matupu, na mpira ule ndio uliyameza mawe kabla hayajafika kiunoni. Siri ilikuwa kuujaza sana. Wa Ngeleka ulikuwa bado chini ya kitanda, mweusi, wenye viraka vitatu, kila kiraka na hadithi yake. Ijumaa aliazima pampu ya pikipiki kwa jirani, akaujaza mpaka ukalia kama ngoma alipoupiga kofi.

Asubuhi ya Jumamosi alipita nao uwanja wa ndege ameuvaa begani. Askari wa ukaguzi akauzungusha, akaubonyeza, akaunusa.

"Tata, hii ni ya nini?"

"Ya mukongo. Baba yako alifanya kazi wapi?"

"Katika mugodi."

"Basi kamuulize."

Askari akatabasamu, akampisha.

Mlangoni mwa ndege alisimama Mujinga. Shati jeupe, mistari minne ya dhahabu kwenye kila bega, kofia chini ya kwapa. Ngeleka alikuwa ameandaa mzaha tangu Jumatano, lakini alipoiona ile mistari mzaha ukampotea. Aliihesabu mmoja mmoja, bega la kulia, kisha la kushoto, kama vile mmoja ungeweza kuwa umepunjwa.

"Karibu tata. Karibu mama. Mukongo iko je?"

"Mukongo gani?"

Mujinga akautazama mpira, akamtazama mama yake, akauma mdomo asicheke. Kisha akasema polepole, "Tata, nimeomba baweke kiti kule Kinshasa, chini ya ngazi. Kama tu..."

"Kiti ya nani? Ya mama yako?"

"Ya kama tu, tata."

"Endesha mashini yako," alisema Ngeleka, na akaingia akiwa amejinyoosha kiasi kwamba alilipa kwa maumivu safu nne nzima.

Kiti cha tisa, kando ya njia. Aliuweka mpira, akaukalia, na mara akawa mrefu kuliko abiria wote. Mhudumu, binti mmoja mpole aitwaye Glodie, alirefusha mkanda mpaka mwisho na kumwomba aushushe ukae juu ya nyonga, si tumboni. Ndege ikakimbia, ikainuka laini kabisa, na Ngeleka akampiga mkewe kiwiko. "Umesikia? Hata haikutikisika. Ni mukono yangu ile."

Ernestine alikiweka kitenge tayari mapajani.

Jambo ambalo Ngeleka hakulijua, ambalo hakuna dereva yeyote wa shimoni angeweza kulijua, ni kwamba kule juu upepo uliofungiwa ndani ya mpira hutanuka. Yeye maisha yake yote aliujaza mpira na kushuka nao chini, mahali ambapo haukuleta shida. Sasa ndege ilikuwa ikipanda, na mpira ukaanza kupanda pia. Kwanza alihisi amekaa vizuri kuliko alivyotegemea. Kisha miguu yake ikaacha sakafu. Kisha mkanda ukaanza kumkata. Yeye mwenyewe husema kichwa chake kiligonga taa ya juu na kuizima. Ernestine anasema kilifika karibu na taa, basi.

"Tata Mujinga," alimwita kwa sauti ya chini, "unaenda wapi?"

"Siendi popote. Napelekwa."

Lakini uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Miguu iliyoning'inia ilivuta kiuno, na moto ule wa zamani, ule wa katikati ya mlima, ukawaka. Alifanya ambalo dereva yeyote angefanya: akapeleka mkono chini na kufungua valvu.

Mpira ukatoa sauti ndefu kama ya joka lililokanyagwa, pamoja na harufu ya miaka makumi mbili na sita ya kukaliwa. Safu ya kumi ikapiga kelele. "Ndege inatoboka!" Mama mmoja akaanza Salamu Maria kwa sauti. Bwana mwenye tai, aliyekuwa akilala, akaamka akitafuta viatu. Glodie akaja mbio, akaona, akashika simu ya ukutani na kuzungumza na chumba cha marubani huku akijiziba mdomo.

Ndipo sauti ikatoka juu, tulivu, ya kike.

"Mababa na bamama, ni komanda Mujinga anasema. Ndege iko muzima. Hiyo mulisikia ni mupira ya tata mumoja wa kiti ya tisa. Alipitisha miaka makumi mbili na sita mu benne, na anazani huku juu kuna mashimo. Tata, toa upepo yote, uchukue kikwembe ya mama. Merci."

Ndege nzima ikacheka. Ngeleka aliona aibu, ndiyo, kwa muda wa kupumua mara tatu. Kisha akagundua jambo: watu wote sasa walikuwa wakimtazama, na sauti ile, iliyowatuliza watu hamsini kwa maneno machache, ilikuwa ya damu yake. Akageuka kuwaelekea wa nyuma kadiri mkanda ulivyomruhusu.

"Mumemusikia?" alisema. "Komanda ni mwana yangu. Wa kwanza. Mi njo Tata Mujinga."

Bwana mwenye tai akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata.

Ernestine hakungoja. Aliuvuta ule mpira uliokufa, akaupeleka chini ya kiti, akausukuma mkono nyuma ya mumewe na kukiweka kitenge pale mgongo unapoingia ndani. Akauweka mkoba wake chini ya miguu ya mumewe, magoti yakainuka yakalingana na nyonga. Glodie akaleta chupa ya plastiki ngumu yenye maji ya moto. Ernestine akaifunga kwa leso na kuiingiza juu ya kitenge. Ngeleka akaegemea nyuma kama alivyoelekezwa. Alitii bila ubishi, jambo ambalo kwao nyumbani lingemfanya mtu amwite daktari.

"Inafanya kazi," alisema mwishowe.

"Unasema?"

"Nasema inafanya kazi."

"Sema tena, sikusikia."

"Ndege iko na makelele," alisema Ngeleka, na akafumba macho.

Kila taa ya mikanda ilipozimwa na nusu saa kupita, Ernestine alimgusa goti. Aliinuka kwa mikono, si kwa kiuno, akatembea polepole mpaka nyuma, akaegemeza viganja ukutani, akainua visigino na kuvishusha mara kumi. Njia ilikuwa ndefu kwa sababu kila safu ilitaka kumsalimia baba wa komanda. Safu ya kumi na mbili ilisikia habari za mapipa mawili. Safu ya kumi na tano ilisikia kwamba mapipa yalikuwa manne na kulikuwa na ukungu. Hakuna aliyemwambia akae, na kila hadithi aliisimulia amesimama, kwa hiyo uongo wake wa siku hiyo ulimsaidia mgongo kuliko vidonge vyote vya mwaka.

Ndege ikatua. Magurudumu yaligusa ardhi na mshtuko mmoja mdogo ukapanda mpaka kiunoni, ukakaa hapo, ukakaza fundo. Abiria wakaruka, wakavuta mabegi. Ngeleka hakusogea. Dirishani aliona ngazi ikisogezwa, na chini ya ngazi, kwenye jua la Kinshasa, kiti cha magurudumu, kitupu, kikimngoja. Pembeni yake alisimama mwanamume mnene mwenye sharubu, ameshika mikono ya kiti.

"Tata Mujinga," alisema Ernestine. Sasa sauti yake haikuwa na mzaha. "Tukae kidogo. Hakuna mutu anatufukuza."

"Nikikaa kidogo, nitakaa kabisa."

Akageuza mwili wote pamoja, magoti kwanza, akasukuma viegemeo kwa mikono, akasimama. Alifika mlangoni. Mlango wa chumba cha marubani ulikuwa umefungwa. Mujinga alikuwa bado kwenye kazi zake. Mbele ya Ngeleka, ngazi: vipandio tisa vya chuma, vyembamba, vyenye mteremko mkali. Akashusha mguu wa kulia. Uzito wote ukaangukia kiunoni na fundo likamng'ata hivi kwamba akaona weupe mtupu. Akasimama. Nyuma yake foleni ikasimama.

Mwenye sharubu akapanda vipandio viwili. Kwenye shati lake paliandikwa Gracien. "Bakia hapo, muzee. Tutakushusha sisi wawili. Lala tu nyuma, usiogope."

Lala tu nyuma. Ngeleka akainua macho na kuiona mbingu, ileile, na kwa muda akahisi ubao chini ya mabega yake.

Kilichomwokoa ni mikono. Ilikuwa imeshika vyuma viwili vya ngazi, na mikono ina kumbukumbu yake. Katika miaka makumi mbili na sita hakuwahi hata siku moja kushuka mashine akitazama nje. Mgodini ukishuka hivyo walikufukuza: uso kwa mashine, mikono miwili na mguu mmoja vimeshika, mguu wa pili unatafuta. Akageuka. Polepole, mwili wote pamoja, mpaka akawa anaitazama ndege.

"Tata!" Glodie alishtuka. "Hapana hivyo bashukaka!"

"Hivi njo bashukaka. Mashini, hauipatie mukongo."

Na akaanza. Mikono ilibeba uzito, mguu ukashuka ukagusa, wa pili ukafuata. Kiuno kilinyamaza. Kipandio cha pili. Cha tatu. Kwenye cha nne akainua macho, na pale kushoto, nyuma ya kioo cha pembeni cha chumba cha marubani, alikuwa Mujinga. Ameivua redio masikioni, kiganja chake kimebanwa kwenye kioo. Hakupunga. Alitazama tu, kila kipandio, na midomo yake ilikuwa ikihesabu. Ngeleka akahesabu naye. Tano. Sita. Saba. Nane.

Tisa. Ardhi.

Aliviachia vyuma na kusimama wima, mabega nyuma, bila kushikwa na mtu.

Kama ni kweli kwamba abiria wote waliomfuata walishuka kinyumenyume kwa heshima yake, kama anavyosimulia Ngeleka, hilo Ernestine hakuliona. Aliona mmoja tu, bwana mwenye tai, ambaye alifika juu ya ngazi, akafikiri, akageuka.

Walimngoja Mujinga. Alitoka wa mwisho, kofia kichwani. Msaidizi wake na Glodie walikuwa wamesimama chini wakimtazama, pamoja na wafanyakazi wa uwanja. Komanda akaangalia chini, akamwona baba yake. Kisha akageuka, akashika vyuma viwili, na kushuka akiitazama ndege yake, kipandio kwa kipandio, kama aliyezaliwa Kolwezi.

Ngeleka alikuwa ameshasogea kwenye gurudumu la mbele. Alilidharau kidogo, mgodini gurudumu dogo hivyo lingewekwa kwenye toroli. Lakini alilipiga ngumi mbili.

"Mashini iko namna gani?"

Mujinga alisimama mbele yake, visigino pamoja. "Iko muzima, tata. Na mi niko muzima."

Ngeleka akaitikia kwa kichwa, kama bosi aliyeridhika. Alitaka kuongeza jambo, lakini Mujinga hakuwa amemaliza. Alinyoosha mkono, akapiga tairi lile ngumi mbili zake mwenyewe.

"Na yako, tata? Ile ya miaka tisa. Iko namna gani?"

Tangu Jumatano alikuwa na hotuba nzima. Ilikuwa na lori ndani yake, na mapipa, na ukungu. Akaitafuta, asiione. Ernestine akageukia pembeni, akajifanya anafuta miwani ambayo hakuivaa.

"Iko muzima," alisema Ngeleka. Akaweka kiganja juu ya tairi. "Na mi niko muzima."

Gracien alikuwa bado amesimama na kiti chake, haelewi. "Sasa, muzee, hii kiti naifanya nini?"

Ngeleka akauchukua ule mpira uliosinyaa kutoka mkononi mwa mkewe, akaulaza ndani ya kiti taratibu, akaukunja vizuri usianguke. "Bebeni huyu. Njo mugonjwa wa leo. Na pole pole, yeye ni muzee."

Kisha akaomba simu ya Mujinga na kupiga namba aliyoijua kwa moyo. Kule Dilala iliitikiwa kabla haijalia mara mbili.

"Allo? Bamekushusha na kiti?" aliuliza Kisimba.

"Kisimba," alisema Ngeleka, akimtazama binti yake, ile mistari minne, "angalia saa, uiandike. Leo nimestaafu."